Mguu mmoja ukivimba, ngozi ikitoka vidoa: damu ya mgonjwa wa saratani ya tezi

Tuseme mama yako amerudi juzi kutoka Dar es Salaam. Amepata dripu ya pili ya dawa za saratani ya tezi, amepanda basi, ameshuka Mikumi jioni akiwa hoi. Siku ya tatu anaamka mguu wa kushoto umevimba kutoka kifundoni hadi gotini. Ngozi imevutika, inang'aa, na akisimama anasema mguu ni mzito na unauma. Nyumbani kila mtu ana jibu lake. Mmoja anasema ni matende. Mwingine anasema amekanyaga kitu alichotegewa. Shangazi anasema ni uchovu wa safari tu, anaingia ndani kuchukua mafuta ya nazi ili amchue.

Hayo mafuta ya nazi ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Mguu wa namna hiyo ukichuliwa, mgonjwa anaweza kufa ndani ya dakika chache, na aliyemchua kwa upendo asijue kilichotokea.

Kwanza ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Saratani ya tezi, ambayo hospitalini huitwa limfoma, ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye tezi za shingoni, kwapani, kinenani, na nyingine zilizo ndani ya kifua na tumbo ambazo huwezi kuzishika. Tezi ya kinenani ikivimba huku kwetu tunasema ni mtoki, na mara nyingi mtoki hutokana na kidonda cha mguuni, kidonda kikipona nao huondoka. Uvimbe wa limfoma hauondoki. Unakaa wiki nyingi, unakua, mara nyingi bila kuuma, na mwenye nao anaweza kupungua uzito, kupata homa zisizoeleweka na kutoka jasho la usiku la kulowesha shuka. Kifua kikuu cha tezi hufanana nao sana, ndiyo maana wapo wanaoanzishiwa dawa za TB huku miezi inapita. Njia ya uhakika ya kuijua limfoma ni kutoa tezi au kipande chake na kukitazama kwa hadubini.

Si ugonjwa mgeni kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kwa wiki 10, zaidi ya kilomita 15,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita na Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wameuona. Waliukuta kwenye maeneo ya joto na mvua, yale yenye malaria mwaka mzima, na wakaukosa kwenye nyanda za juu zenye baridi. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Kwa watu wazima, virusi vya UKIMWI navyo huongeza hatari ya kupata limfoma za aina kadhaa.

Lakini leo hatuzungumzii uvimbe. Tunazungumzia damu, na jinsi ngozi inavyoonyesha kwamba damu imeharibika.

Damu inayoganda ndani ya mshipa

Mkulima wa mpunga wa bonde la Mkondoa analijua jambo hili hata kama hajawahi kuingia darasa la baiolojia. Maji ya mfereji yakienda kasi, mfereji unabaki safi. Yakipungua kasi, tope linatuama. Ukingo ukibomoka, takataka zinanasa pale. Na maji yakija na udongo mwingi, mfereji utaziba hata kama hujafanya kosa lolote. Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika juu ya kuganda kwa damu ndani ya mishipa, na sababu zinazofundishwa hadi leo kwa jina lake ni hizo hizo tatu: damu inayokwenda polepole, ukuta wa mshipa ulioharibika, na damu yenyewe iliyobadilika.

Mgonjwa wa limfoma anaweza kuwa na zote tatu kwa wakati mmoja. Tezi zilizovimba kinenani au tumboni zinabana mshipa unaorudisha damu moyoni, kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Dawa za saratani na kanula za kila mara zinaukwaruza ukuta wa mshipa. Chembe za saratani nazo zinaiamsha damu igande pasipo na jeraha lolote. Ongeza kulala kitandani siku nzima na kunywa maji kidogo kwa sababu ya kichefuchefu. Kwa ujumla mtu mwenye saratani ana hatari ya kugandisha damu mara 4 hadi 7 kuliko asiye nayo, na limfoma imo kwenye kundi la saratani zenye hatari kubwa, ingawa saratani za tumbo na kongosho huizidi.

Donge la damu likikaa kwenye mshipa mkubwa wa ndani ya mguu, damu inayopanda inakosa njia. Ndipo mguu unavimba, tena mara nyingi mmoja tu. Vitabu vingi vya udaktari vinasema ngozi huwa nyekundu. Vitabu hivyo viliandikwa vikitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu. Tafuta weusi uliokolea kuliko mguu wa pili, au rangi ya zambarau, au mng'ao wa ngozi iliyovutika. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mguu huu, kisha kwenye ule: uliovimba utakuwa na joto zaidi. Bonyeza kwa kidole, uone kama panabaki shimo.

Kipo na kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine. Chukua futi ya fundi cherehani, shuka sentimita 10 chini ya kile kifundo cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti, na upime mzunguko wa mguu. Pima na mguu wa pili mahali hapo hapo. Kama huna futi, uzi wa katani utafaa, utaupima baadaye kwa rula ya mtoto wa shule. Tofauti ikizidi sentimita 3, madaktari huihesabu kuwa dalili nzito ya donge. Ikiwa chini ya hapo na mguu unauma, bado nenda. Kipimo hiki ni cha kukuharakisha uende hospitali, hakikupi ruhusa ya kubaki nyumbani.

Na matende je? Matende yapo katika maeneo mengi ya nchi yetu, hivyo anayeyataja si mjinga. Lakini mguu wa matende hukua kwa miaka, na ngozi yake hukomaa ikawa nene na ngumu. Matende hayaji kwa siku tatu.

Hatari ya donge la mguuni ni kwamba halikubali kukaa mguuni. Kipande kikikatika, kinapanda na damu, kinapita moyoni na kwenda kuziba mshipa wa pafu. Mgonjwa anakosa pumzi ghafla, kifua kinamchoma akivuta hewa, anaweza kukohoa damu au kuanguka. Kuchua mguu, kuukanda kwa nguvu, kuuvuta kwa bandeji ya mganga wa viungo, vyote vinaweza kukikata kipande hicho.

Lipo donge jingine dogo, la mshipa wa juu. Hili unalishika kwa vidole: kamba ngumu, yenye joto, inayouma, chini tu ya ngozi ya mkono au mguu. Mara nyingi linatokea pale kanula ilipokuwa, na mara nyingi linapoa. Likitokea mahali ambapo hapakuwahi kuchomwa sindano, au likihama kutoka mkono huu kwenda mguu ule, lina maana nyingine. Daktari wa Paris aliyeitwa Armand Trousseau alifundisha mwaka 1865 kwamba mishipa ikiganda hovyo namna hiyo, tafuta saratani iliyojificha. Siku ya kwanza ya mwaka 1867 alimwambia mwanafunzi wake kwamba amekwisha, kwa kuwa usiku ule mshipa wake mwenyewe ulikuwa umevimba na kuganda. Alifariki mwezi Juni mwaka huo huo kwa saratani ya tumbo. Donge chini ya ngozi lilikuwa limempa habari kabla ya uvimbe wenyewe.

Pengine mguu uko salama ila uso na shingo vinavimba, hasa asubuhi, kola ya shati inabana, na mishipa ya kifuani inajitokeza kama mizizi. Hapo mshipa mkubwa wa kifua umebanwa na tezi, au umeganda, au yote mawili. Mgonjwa huyo asilazwe chali. Mkalishe, na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Damu inayokataa kuganda

Sasa geuza kila kitu. Mgonjwa yule yule, mwenye ugonjwa ule ule, wiki moja na siku kadhaa baada ya dripu, anatoka vidoa vidogo kama mbegu za mchicha. Haviwashi, haviumi. Fizi zinatoa damu akipiga mswaki. Amegusa tu meza na paja limevilia damu.

Hapa tatizo ni chembe sahani, zile ambazo kwenye majibu ya maabara huitwa pleteleti. Kazi yake ni kuziba tundu la mshipa pale unapopasuka. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika tone dogo la milimita moja ya ujazo. Zikishuka chini ya 20,000, damu inaweza kuvuja yenyewe bila kugongwa, na mahali inapoogopesha zaidi ni kwenye ubongo. Dawa za saratani huzishusha kwa muda, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Limfoma ikiingia kwenye uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa, inazishusha kwa muda mrefu. Bandama ikivimba inazihodhi. Na kuna nyakati kinga ya mwili inachanganyikiwa, inazishambulia kana kwamba ni adui.

Vidoa hivi kwenye ngozi nyeusi vinapotea macho. Tazama viganja, nyayo, ndani ya mdomo wa chini, kaakaa, na ukunjue kope ya chini ya jicho. Tazama pia miguu chini ya magoti na mahali mkanda unapobana, ndiko huanzia. Kisha chukua glasi safi ya kunywea maji, ubonyeze kwenye vidoa na utazame kupitia kioo chake. Upele wa joto au wa kuumwa na mbu hufifia ukibonyezwa. Kidoa cha damu hakifutiki, kwa sababu damu imekwisha kutoka kwenye mshipa na imekaa kwenye nyama.

Kwa hiyo mguu uliovimba unasema damu imeganda kupita kiasi, vidoa vinasema damu inashindwa kuganda. Kwa macho ya nyumbani vyote viwili ni ngozi iliyobadilika rangi, na kila upande una jirani mwenye ushauri. Kuna anayejua kwamba aspirini huzuia damu kuganda, na anajua kweli. Akimpa mgonjwa mwenye chembe sahani 15,000, amemsukumia kwenye kuvuja damu. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa duka la dawa bila swali lolote, nazo hudhoofisha chembe sahani. Chale kwa mgonjwa huyo hazitafunga. Sindano ya takoni au pajani inaweza kuacha bonge la damu ndani ya nyama, kwa hiyo hata zahanati, kabla ya kumchoma chochote, waambie kwanza kwamba yuko kwenye dawa za saratani.

Vyote viwili kwa pamoja

Kuna hali ya tatu ambayo hata madaktari wanaiogopa. Damu inaanza kuganda kila mahali kwenye mishipa midogo, mwili mzima, mpaka vitu vya kugandishia vinaisha, kama gunia la unga lililokombwa. Baada ya hapo mgonjwa anavuja damu puani, kwenye fizi, kwenye tundu la sindano ya juzi. Kwenye ngozi yanatokea mabaka ya zambarau yanayogeuka meusi na kupanuka kwa saa, pengine yenye malengelenge juu, na ncha za vidole zinakuwa baridi na nyeusi. Ngozi hiyo inakufa kwa kukosa damu. Kwa mgonjwa wa limfoma chanzo kinaweza kuwa saratani yenyewe, lakini mara nyingi ni maambukizi makali yaliyoingia wakati kinga imeshuka. Ndiyo maana mgonjwa aliye kwenye dripu akifikia nyuzijoto 38 hasubiri kesho, hata kama ngozi yake haina doa.

Watu wa vijijini Kilosa wanaoishi na nyoka wamewahi kuona sura inayokaribiana na hii, kwani sumu ya baadhi ya nyoka huharibu kuganda kwa damu vivyo hivyo. Kipimo kinachotumika kwa aliyeumwa na nyoka kinaweza kutoa mwanga hapa pia, pasipo na mashine kubwa: mhudumu wa afya anachukua mililita 2 za damu, anaiweka kwenye chupa safi kavu ya kioo, anaiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha anaiinamisha. Ikiwa bado inatiririka kama maji, damu imepoteza uwezo wake. Mhudumu akikifanya, si kwamba anapoteza muda.

Kwa wachache sana, limfoma hutengeneza protini zinazoganda mwili ukipoa. Masikio, pua na vidole vya miguu hupata madoa au vidonda asubuhi za baridi ya Juni na Julai, hasa kwa wanaokaa milimani. Kwao soksi na kujifunika ni sehemu ya tiba.

Hospitali na safari

Mguu mmoja uliovimba, vidoa visivyofutika, damu isiyokoma, baka jeusi linalopanuka, pumzi fupi ya ghafla: kwa mgonjwa wa limfoma haya ni ya siku hiyo hiyo. Usianze na Dar es Salaam. Anza na hospitali iliyo karibu, iwe ya Wilaya Kilosa au ya Mtakatifu Kizito Mikumi, apimwe damu na kutulizwa. Wao ndio watakaoamua kama anakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Morogoro au moja kwa moja Taasisi ya Saratani Ocean Road. Donge la ndani huonekana kwa ultrasaundi, na hesabu ya chembe sahani hupatikana kwa kipimo cha damu cha kawaida. Hesabu hiyo hutakiwa kabla ya dawa ya kuzuia kuganda, maana dawa sahihi ya mguu inaweza kuwa sumu kwa mwenye vidoa.

Dawa ya donge ni sindano za heparini chini ya ngozi ya tumbo, au vidonge. Alama ndogo ya kuvilia pale sindano ilipoingia ni kawaida. Tiba huchukua angalau miezi 3 hadi 6, na huendelea maadamu saratani au dripu zinaendelea, hata mguu ukiwa umepungua. Hapa wengi hukosea: uvimbe ukiisha wanaacha. Anayepewa wafarini ajue kwamba vidonge hivyo vinahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na vinagombana na dawa nyingi, ikiwemo rifampisini ya TB na baadhi ya dawa za fangasi. Wafarini huanzishwa pamoja na sindano, na sindano zisiachwe mpaka daktari aseme. Ikianzishwa peke yake, kwa nadra huua vipande vya ngozi kwenye matiti, mapaja au matako siku za mwanzo.

Aliyepungukiwa chembe sahani anaweza kuongezewa. Chembe hizo hutoka kwa wachangia damu na hukaa kama siku 5 tu ghalani, tofauti na damu nyekundu inayokaa wiki kadhaa. Ndugu wenye afya wanaomsindikiza mgonjwa wanaweza kwenda kuchangia wakiwa huko huko.

Mikumi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 300, na sehemu ya kwanza, kilomita kama 50, inapita ndani ya hifadhi ambako basi halisimami mtu akajisaidie. Kwa hiyo wagonjwa hawanywi maji tangu jana yake. Tunaelewa, lakini kwa damu yao ni vibaya. Achague kiti cha pembeni mwa njia ya katikati, anywe maji kidogo kidogo, asikunje mguu juu ya mzigo, azungushe vifundo vya miguu kila baada ya muda, na basi likisimama Morogoro ashuke atembee. Wa Kilosa sasa wana treni ya SGR, na ndani ya treni mtu anaweza kusimama na kunyoosha miguu. Mwenye mguu uliokwisha kuvimba asisafiri kabisa kabla ya kuonwa na daktari wa karibu.

Kwenye daftari la mgonjwa andika jina la saratani, tarehe ya dripu ya mwisho, majina ya dawa zote pamoja na za mitishamba, na hesabu ya chembe sahani ya mara ya mwisho. Ukiona alama mpya, izungushie kalamu ya wino kwenye ngozi na uandike saa pembeni, ili daktari aone imetambaa kiasi gani tangu mlipotoka nyumbani.